Ree ya Kopa Mkononi mwa Karani

Mwavuli wa Karani haukuwahi kuona mvua. Ulikuwa mweusi, mpini wake wa mti, na alitembea nao masika na kiangazi, umefungwa kwa kifungo chake. Mvua ikimkuta njiani aliuingiza ndani ya kanzu usilowe, akalowa yeye. Ukimcheka anakujibu, "Hii mvua ndogo. Itakuja kubwa." Nimekaa naye kijiji kimoja hapa kisiwani Juani tangu nina akili zangu, na mvua kubwa kuliko zile zilizomlowesha siijui, labda ile ya Nabii Nuhu.

Tulimwita Karani kwa sababu zamani alikuwa karani wa ghala la mbata. Ghala limekufa, paa limeliwa na kutu, jina likabaki. Mimi natengeneza baiskeli, na kibanda changu kimegusana na baraza yake, kwa hiyo mambo yake nayajua hata yale ambayo hayanihusu. Watu husema mimi nina mdomo. Sikatai. Lakini haya ninayoyasema leo nimekaa nayo muda, na yameniuma.

Kila kitu kwake kilikuwa na siku yake, na siku hiyo haikuwa leo. Tochi aliiweka huku, betri kule, zimefungwa karatasi zisichoke. Kanzu aliyoletewa na mke wa mwanawe kutoka Dar ilikaa ndani ya mfuko wake wa nailoni Idi baada ya Idi. Yeye anakwenda kuswali na ile ya zamani yenye kiraka begani. Kulikuwa na maziwa ya kopo kabatini ambayo paka watatu wamezaliwa wakafa wakiyatazama. Na chini ya kitanda, katika sanduku la bati, alikuwa na sanda yake. Alijinunulia mwenyewe, bafta safi, na ubani na karafuu maiti pembeni. Wazee walimsifu kwa hilo, wakasema yule ni mtu aliyejitayarisha. "Akiba haiozi," alisema Karani, na akilisema neno hilo alifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja uji akakuta sukari imekolea.

Hakuwa bahili, naomba hilo lieleweke, maana wapo waliomsema vibaya. Bahili hakupi kitu. Karani chakula chake cha leo alikupa chote, akalala na kikombe cha chai. Wanangu wamekula sana kwake. Pampu yangu ya upepo ilipopasuka alinipa yake bila kuuliza itarudi lini. Ila alinipa ile kuukuu. Mpya ilikuwa inaning'inia ukutani, na pale ilibaki. Cha leo kilikuwa cha watu wote. Cha kesho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata yeye.

Sasa nifike kwenye karata, maana ndiko nilikomjua vizuri zaidi.

Kwetu tunacheza sitini na moja. Watu wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako anakaa mbele yako. Nane, tisa na kumi tunazitoa, zinabaki karata arobaini, kila mtu kumi. Ree ni pointi kumi na moja, saba ni kumi, wazungu, yaani zile za picha, wana chao kidogo, zilizobaki ni takataka. Rangi moja inakuwa turufu na inakata nyingine zote. Watakaofikisha sitini na moja wameshinda. Kuongea karata ni haram, kukonyeza ni haram zaidi. Unamjua mwenzako kwa miaka, si kwa ishara.

Mimi nilikuwa mwenza wa Karani miaka kumi na tisa. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Karata ikishapita hakuisahau. Lakini akipata mkono mzuri, loh, hapo ndipo balaa lilipoanza. Alivua kofia akaiweka gotini. Hakujua kama anafanya hivyo, na sisi hatukumwambia. Kofia ikishuka gotini, kijiji kizima kinajua Karani ana turufu kubwa, na kijiji kizima kinajua kwamba hatazitoa. Atatupa takataka, atatupa turufu ndogo ndogo, atakuacha wewe mwenzake unaliwa kama nyama ya sadaka, yeye kazishikilia ree na saba mpaka mwisho. "Mwenye turufu hana haraka," alisema. Na mara nyingi, Mungu anisamehe, alikuwa sahihi. Mwisho wa gemu anaziangusha, pa, pa, tumeshinda. Basi ningemwambia nini?

Kuna siku nilimwambia. Nilikasirika nikasema, "Karani, ngoja ngoja huumiza matumbo!" Akanitazama taratibu akasema, "Ya nani? Mimi tumbo langu halijaniuma." Hilo lilikuwa kabla ya Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa binti wa mdogo wake, yule tunayemwita Fundi, mshonaji, ambaye ndiye pia hukata sanda za watu wa hapa. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, nyumba zao zinatazamana. Karani hakujaliwa mtoto wa kike, na yule akamfanya wake. Alimfundisha kusoma pale barazani kwa kutumia stakabadhi za zamani za ghala, hata mtoto akawa anasoma "magunia" na "uzito kamili" kabla hajajua kuandika jina lake. Mwanaheri alimwita Baba Mkubwa, lakini akiitamka alikata, "Bamkubwa," na Karani aliitika hata akiwa usingizini.

Mwanaheri alipopata mimba ya kwanza, Karani alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alikuwa na boti ya faiba na mashine, ndogo, akiitumia kwa nadra. Miezi mitatu kabla ya siku, alikwenda mjini Kilindoni akanunua mafuta, akajaza pipa, akalifunga kwa kitambaa na kamba, akaliweka ndani chumbani kwake. Aliniambia mwenyewe, "Haya ya mwanangu. Akishikwa, tunampeleka hospitali, hatuombi mtu." Hata kwenda shamba ng'ambo akawa anapiga kasia, mashine ipo, asiguse mafuta ya mtoto.

Siku ilipofika, uchungu ulianza asubuhi na maji ya bahari yamejaa. Fundi akaja mbio, hakuvaa hata viatu. Mimi nilikuwepo, naziba tairi. Akasema, "Kaka, twende." Karani akamuuliza mkunga anasemaje. Mkunga alisema bado, mimba ya kwanza huchukua muda. Karani akasema, "Basi tusubiri kidogo. Mafuta ni haya haya. Tukienda sasa wakaturudisha, kesho akizidiwa tutampeleka na nini?" Alikuwa hasemi upuuzi. Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Fundi naye alikubali, na nadhani hilo ndilo hakuwahi kujisamehe. Akalitua lote kwa kaka yake.

Anayeijua Juani anajua maji yake. Siku za bamvua yakitoka yanatoka kweli, boti inabaki imekaa matopeni kama ng'ombe mgonjwa, na hakuna mashine ya kuisaidia. Adhuhuri Mwanaheri alianza kutoka damu. Karani alilitoa pipa mwenyewe, analiviringisha, analia, na maji yalikuwa yameshatoka. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, tukambeba watu sita, tukaikata ile nyika ya mchanga na matope kwa miguu kwenda kisiwa cha Chole, kule kwenye maji ya kuelea boti. Mguu wa mbele wa kitanda, upande wa kulia, niliushika mimi. Hatukufika. Alifia katikati, juani, hakuna hata kivuli cha kumlazia. Mtoto naye hakutoka.

Tuliporudi, pipa lilikuwa bado limesimama pale ufukweni, limejaa, kamba haijafunguliwa.

Tangu siku hiyo Fundi hakumpa kaka yake salamu. Miaka kumi na moja. Imamu amesema, wazee wamesema, mimi nisiyeulizwa nimesema: Mwislamu hamnunii nduguye zaidi ya siku tatu. Fundi anasikiliza, anamaliza kushona mstari wake, anakata uzi kwa meno. Asubuhi Karani akipita na mwavuli wake alisimama mbele ya cherehani, akasema, "Asalaam alaykum." Cherehani ikaongeza mwendo. Anangoja kidogo, anakwenda zake. Kila siku hivyo. Wallahi mtu mwingine angebadilisha njia.

Na bado walicheza karata pamoja! Hili wageni hawalielewi. Mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, watu wa kijiji hushindana karata barazani mwa Karani, kupunguza makali ya swaumu. Fundi alikuja. Alikaa, akacheza, akaondoka. Karata haitaki salamu. Pesa hatuchezei, Imamu angetufukuza. Ila yule anayeshinda fainali ana ombi lake: anamwomba aliyeshindwa kitu kimoja, na kama kipo ndani ya uwezo wake, hakatai. Mwaka mmoja niliombwa jogoo wangu. Mwaka mwingine mtu aliombwa anyoe ndevu alizojivunia, akanyoa, mkewe akacheka mpaka Idi.

Sharti jingine ni la adhana. Ya magharibi ikiingia, karata zinawekwa chini hapo hapo. Kilicholiwa kinahesabiwa, na wenye pointi nyingi ndio washindi. Kilicho mkononi hakina mwenyewe. Sharti hilo lilitungwa na Karani mwenyewe, zamani, kwa sababu watu walikuwa wanachelewesha futari.

Ramadhani ya mwaka huu alikuja amekonda, anakohoa, na kila akikohoa anashika ubavu. Hospitali ya wilaya walimwambia aende Dar, akasema atakwenda baada ya mfungo. Siku moja naziba tairi akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, mwaka huu nataka fainali."

"Kila mwaka tunataka, mzee."

"Mwaka huu nataka niombe radhi. Fundi akishindwa, sharti linamfunga. Radhi ipo ndani ya uwezo wake." Akaifunga mikono yake kwenye mpini wa mwavuli. "Sitaki nikutane na yule mtoto kabla baba yake hajaniachilia."

Mimi mwenye mdomo nilichukua pampu. Nilipuliza tairi ambalo halikuhitaji upepo.

Tulifika fainali, na upande wa pili alikuwa Fundi na shemeji yake. Sijui nani alisambaza habari ya ombi la Karani. Haya, nilikuwa mimi. Kijiji kilijaa pale, hata wanawake waliacha mapishi wakasimama uani. Fundi alijua. Alikuja na kofia safi, akakaa. Nilimtazama usoni nikaona hakuna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Tukafungana gemu mbili kwa mbili. Ya tano jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vigogo vya minazi. Zikagawiwa. Turufu kopa. Karani akazipanga zake polepole, akazitazama, mkono ukapanda kichwani, kofia ikatua gotini.

Watu wote walipumua kwa pamoja. Nikajua anazo: ree, saba, na nyingine. Nikasema kimoyomoyo, zitoe, mzee, leo si siku ya kuzilea, jua linakwenda.

Akaanza vilevile. Kila karata alifikiri. Alitazama mkono wake, akaangalia sakafu, akakohoa, akatazama tena. Turufu ndogo akazitupa kwenye vitu vidogo. Fundi, kinyume chake, alicheza upesi siku ile, upesi kuliko nilivyomzoea. Karata yake ilikuwa inagusa mkeka kabla yangu haijatulia. Niliona ajabu, nikadhani anataka tu kuondoka.

"Mzee, jua," nilisema. Hilo linaruhusiwa.

"Naliona," akasema Karani.

Mzunguko wa nane, Fundi akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona. Kila mtu pale alijua pau zimemwishia Karani, mara mbili alishindwa kuzifuata. Fundi akaitoa ree ya pau akaiweka mbele ya kaka yake. Haikutupwa, iliwekwa. Pointi kumi na moja, tupu, mbele ya mtu mwenye turufu. Mtoto wa darasa la kwanza asingefanya kosa hilo. Kisha akainua macho akamtazama Karani, mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja.

Karani akaitazama ile ree muda mrefu. Nikamwona anahesabu. Nilitaka kuupiga mkeka kofi. Akasitasita, vidole vikagusa karata ya kulia, vikaiacha. Akatupa mbili ya uru.

Fundi akaikusanya ree yake. Ule uso wa ukuta ulibadilika kidogo, halafu ukarudi. Zilibaki karata mbili mbili. Alipoinua mkono kutupa inayofuata, spika ya msikiti ikakwaruza, na muadhini akaanza: Allahu Akbar.

Karata chini.

Tukahesabu. Sisi arobaini na nane, wao hamsini na moja. Karani alikuwa bado ameshika zake mbili kifuani. Nikamwambia, "Ziweke, mzee." Akaziweka wazi. Ree ya kopa na saba ya kopa. Ishirini na moja. Kuikata tu ile ree ya pau kungetosha.

Hakuna aliyechukua tende. Mtu akamuuliza Fundi ombi lake ni lipi, kwa desturi tu. Fundi alikuwa anaziangalia zile karata mbili. Akasema, na alimwambia yeye, kaka yake, "Mashine ipo, mafuta yapo." Akasimama, akavaa viatu. "Sina ombi kwako." Akaenda kuswali.

Nilikasirika na Karani siku zile, siwezi kuficha. Sikumpelekea hata tambi za Idi. Wiki tatu baadaye mke wa Karani akaniita, akasema mumewe ananiulizia. Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye kile chumba alichoweka lile pipa, amekwisha, mifupa na macho. Mwavuli uko ukutani. Dar hakwenda. Nilimwamkia, "Shikamoo Karani." Akaitikia marahaba kwa midomo tu.

"Nilidhani mtego," alisema. Sikumuuliza nini. "Ile ree ya pau. Nikasema, Fundi hawezi kunipa ree hivi hivi, yupo nyuma na kitu. Nimelala hapa siku zote nazipitisha zile karata. Hakuwa na kitu. Alikuwa ananipa." Akakohoa, nikamwinua, uzito wa mtoto. "Ndugu yangu alinipa, nikamtupia mbili ya uru."

Nililia, na sioni aibu kusema. Akanishika mkono. "Nenda kamwambie aje. Usimwambie kesho. Nenda sasa hivi."

Lilikuwa neno geni kinywani mwake. Nikavuka njia. Fundi alikuwa kwenye cherehani, na sare za shule zimejaa mezani. Nikamwambia yote: kaka yako anakufa, anakuomba radhi, ameielewa ree ya pau. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. Kisha akauweka uzi sawa, akasema, "Mwambie nitakuja Ijumaa, nikitoka msikitini."

"Fundi, leo Jumanne."

"Nimesema nitakuja. Kitu nilichokaa nacho miaka kumi na moja siwezi kukitoa kama mtu anayetema mate. Niache nikipange."

Nikarudi na jibu. Karani akalisikia, akafumba macho. "Ijumaa," akasema. "Vizuri. Si mbali."

Alfajiri ya Alhamisi akafariki.

Tulilitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Fundi alikuwa ameshafika, mkasi mkononi, kwani sanda ni kazi yake na hakuna mwingine. Alifungua mfuniko, akaitoa ile bafta, akaikunjua juu ya mkeka, nayo ikakatika kwenye mikunjo, bila sauti, vipande vipande, na kutu ya sanduku imechora mistari myekundu kila mahali. Akajaribu kipande kimoja kwa vidole. Kikaachana kama mkate uliolowa. Mende walikuwa wamekula pembe.

Akatuma mtu dukani kwake alete jora jipya. Lilipofika alipima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, kiwiko hadi kidole, mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa mtu ambaye urefu wake aliujua tangu utotoni. Mimi nilimshikia ncha ya pili. Akaingiza mkasi, halafu akaacha, amepiga magoti pale pale.

"Leo siku gani?" akaniuliza.

"Alhamisi, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kukata.